Kuchagua Risasi za Kiwandani kwa Bunduki Kubwa ya Kuwindia, Mita 200 Hadi 300: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa kuwinda ukikaribia, wasomaji wa Nakuru, Naivasha na Eldoret huleta swali lile lile: nimenunua risasi za bei, mbona kwa mita 250 zinakwenda zinakotaka? Ukidadisi unakuta mtu alichukua boksi zito kuliko yote dukani, akapiga mbili kwa mita 50, akaona matundu yamekaribiana, akafunga virago. Risasi haina kosa hapo. Haikuchaguliwa, ilibebwa tu.

Kabla ya yote, sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kumpiga mnyamapori hapa nchini ni kosa zito. Mwongozo huu ni wa mwenye cheti cha silaha anayekwenda kuwinda kihalali ng'ambo ya mpaka, Tanzania hasa, na anayefanya majaribio yake kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa.

Mifano mingi hapa ni ya .375 H&H Magnum, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huitaja .375 kuwa kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) ya chini kabisa kwa nyati. Mwenye .338 au .416 afuate hatua hizo hizo, abadilishe namba. Nikisema "risasi" nina maana ya kitu kizima, isipokuwa ninapozungumzia madini ya risasi yaliyo ndani ya kichwa. "Kichwa" ni ile sehemu inayoruka, na "ganda" ni kopo linalobeba baruti.

## Vitu vya kuandaa

- Cheti cha silaha. Kimeandikwa aina na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo kwa wakati mmoja. Kisome kabla ya kuagiza boksi za aina tatu kwa mpigo.
- Boksi moja moja la aina mbili au tatu za risasi.
- Karatasi za shabaha, katoni kubwa za kuzibandika, na rula.
- Magunia madogo ya mchanga, mbele na nyuma ya bunduki, na moja la ziada la kuweka kati ya kitako na bega.
- Vizibo vya masikio na miwani. Bunduki hizi huharibu masikio kweli, na hayarudi.
- Kipima umbali cha leza. Kukisia kwa macho ndiko chanzo cha nusu ya malalamiko.
- Kronografu ya kupima kasi, ukiweza kuazima. Ukikosa, kazi bado itafanyika.
- Risasi bandia mbili za kaliba yako, zisizo na baruti.
- Daftari na kalamu.

## Hatua ya 1: Linganisha mtutu na kitako cha ganda

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, neno kwa neno. Kisha toa risasi moja kwenye boksi usome kitako chake. Vyote viwili lazima viseme kitu kimoja, kikamilifu.

Kaliba kufanana hakutoshi. .375 H&H Magnum na .375 Ruger si kitu kimoja. .416 Rigby na .416 Remington Magnum vivyo hivyo. Kuna hata .375 H&H yenye ukingo kwenye kitako, iliyotengenezwa kwa bunduki za mitutu miwili; hiyo haina kazi kwenye bunduki ya kawaida ya bolti, yaani ile yenye komeo la nyuma linalovutwa kwa mkono.

Onyo: muuzaji akikwambia "hii pia inaingia", weka boksi chini uondoke. Kuingia kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kuwa salama ni mambo mawili. Bunduki ikiwa ya kurithi, au mtutu umewahi kubadilishwa, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni aipime chemba kwanza.

Umefaulu pale ambapo maandishi ya mtutu, ya kitako cha ganda na ya cheti chako yanakubaliana bila wewe kulazimika kueleza lolote.

## Hatua ya 2: Taja mnyama na umbali wa mwisho

Andika kwenye daftari: namwinda mnyama gani, na sitapiga zaidi ya mita ngapi. Wengi huruka hatua hii, halafu kila hatua inayofuata inakosa mguu wa kusimamia.

Nyati hapigwi mita 250. Anapigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, na kwa umbali huo karibu risasi yoyote nzuri ya kiwandani italenga vya kutosha. Mwongozo huu unakusaidia pale unapobeba bunduki hiyo hiyo kubwa mbugani na unakutana na pofu au kongoni ng'ambo ya uwanda, mita 220, hakuna kichaka cha kukusogeza.

Kwa .375, mimi naiweka mita 300 kuwa ukuta, na kwa wapigaji wengi ninaowaona uwanjani ukuta huo ungepaswa kuwa 200. Mwenye .458 Winchester Magnum asijisumbue kabisa: kichwa cha greni 500 (greni 15 ni takriban gramu moja) kinachotoka kwa takriban mita 640 kwa sekunde hakikutengenezwa kwa umbali huu, na hakuna boksi litakalobadilisha hilo.

## Hatua ya 3: Chagua aina ya kichwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi twende polepole.

Kichwa cha kuwindia humwangusha mnyama kwa kufunguka: ncha inapanuka ndani ya mwili na kukata njia pana. Ili kifunguke kinahitaji kasi. Viwanda hutaja kasi ya chini ambayo kichwa chao bado kitafunguka. Kwa vichwa vingi vya madini laini ya risasi yaliyogandishwa ndani ya koti la shaba, kiwango hicho huwa karibu mita 550 kwa sekunde. Vichwa vya shaba tupu huhitaji zaidi, mara nyingi karibu mita 600. Chini ya hapo kichwa kinaweza kupita kama msumari, na mnyama akatembea kilomita kadhaa akiwa na jeraha.

Sasa chukua risasi maarufu ya .375: greni 300, ncha ya duara, inayotoka kwa futi 2,530 kwa sekunde, yaani mita 771. Kwenye hewa ya usawa wa bahari, kwa mita 200 imebaki na karibu 575. Kwa mita 300 imeshuka hadi kama 490. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Hata ukilenga barabara, kichwa kinafika kikiwa kimechoka kuliko kilivyotengenezwa kuchoka.

Kwa hiyo masafa ya risasi hayaishii pale unapoweza kuigonga karatasi. Yanaishia pale kasi inaposhuka chini ya kiwango cha kufunguka, na hilo mara nyingi hutokea kabla ya ustadi wako kuisha.

Aina utakazoziona dukani ni hizi:

Risasi ngumu isiyofunguka. Ni ya ngozi nene, umbali mfupi. Kwa mita 200 iache. Itamtoboa pofu ikatokea upande wa pili, na nyuma yake huenda kuna wengine.

Ncha ya risasi laini, ya duara. Nzuri sana msituni. Inapoteza kasi haraka.

Ncha laini iliyochongoka, madini ya risasi yakiwa yameunganishwa na koti la shaba. Hii ndiyo ninayomwelekeza mtu anayeanza. Inafunguka kwa kasi ndogo kidogo, haisambaratiki ikigonga mfupa karibu, na kila kiwanda kikubwa kinayo.

Shaba tupu, mara nyingi na ncha ya plastiki. Inapenya kwa kina na hubaki na uzito wake karibu wote. Lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi na kinahitaji kuzungushwa kwa nguvu zaidi na mifereji ya mtutu. Ukichagua shaba, shuka uzito: greni 250 au 270 badala ya 300. Unapata pia kasi ya ziada, ambayo shaba inaihitaji.

Umefaulu ukiweza kusema: kichwa changu kinafunguka hadi kasi fulani, na jedwali la kiwanda linaonyesha kasi hiyo ipo bado kwa umbali niliouandika Hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Pima uzito dhidi ya umbo

Imani ya kwamba kizito ndicho bora imekita mizizi, na kwa nyati ina haki yake. Kwa mita 300 angalia kwanza umbo.

Kwenye tovuti ya kiwanda, na wakati mwingine kwenye boksi, kuna namba iliyoandikwa BC. Inaonyesha jinsi kichwa kinavyokata hewa. Ikiwa kubwa, kasi inapotea polepole. Ncha ya duara ya greni 300 hapo juu ina BC ya karibu 0.275. Kichwa kilichochongoka cha greni 270 kinaweza kuwa na karibu 0.38. Tofauti ya uzito ni gramu mbili tu.

Tuseme zote mbili zimesawazishwa kugonga katikati kwa mita 200. Ya duara, ikitoka kwa mita 771 kwa sekunde, itaanguka karibu sentimita 39 kwa mita 300. Iliyochongoka, ikitoka kwa mita 820, itaanguka karibu 31. Hiyo unaweza kuifidia kwa kujua.

Upepo ndio mgumu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo, utaisukuma ya duara karibu sentimita 41 kwa mita 300, na iliyochongoka karibu 30. Umbali unaupima kwa leza. Upepo unaukisia, na kila sentimita unayopunguziwa na umbo la kichwa ni sentimita usiyolazimika kukisia. Kwa sababu hiyo ningemlipia mtu umbo kabla ya kumlipia uzito.

## Hatua ya 5: Nunua kidogo kwanza

Nunua boksi moja la kila aina uliyoichuja, si zaidi. Bunduki mbili za kampuni moja, zilizotoka siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna jedwali litakalokwambia yako inapenda ipi. Karatasi ndiyo itakayosema.

Andika namba ya bachi, yaani ya mkupuo wa kiwandani, iliyopigwa muhuri kwenye boksi. Baruti ya bachi moja na nyingine hutofautiana kidogo, na kwa mita 300 kidogo hicho huonekana. Ukishapata mshindi, omba bachi hiyo hiyo, kwa idadi inayotosha kusawazisha darubini na kusafiri, ndani ya mipaka ya cheti.

Usinunue risasi zilizotolewa kwenye boksi lake na kuwekwa kwenye mfuko, hata kama anayeuza ana duka halali. Huna namna ya kujua zilikaa wapi.

## Hatua ya 6: Piga kwa mita 100, asubuhi

Nenda mapema. Mchana hewa ya Bonde la Ufa huamka, vumbi linapanda kutoka upande wa ziwa, na utakuwa unapima upepo badala ya risasi.

1. Safisha mtutu hadi kitambaa kitoke cheupe. Rudia kila unapobadilisha aina ya kichwa, hasa ukitoka kwenye shaba tupu au kuingia kwayo. Mabaki ya aina moja huvuruga aina nyingine.
2. Weka bunduki juu ya magunia, sehemu ya mbao au plastiki ikiguswa, mtutu usiguse kitu.
3. Weka jicho mbali na darubini kama ilivyoelekezwa. Teke la .375 limepasua nyusi nyingi, na mwenye kidonda hakubali tena kukaa sawa nyuma ya bunduki.
4. Piga moja ya kuchafua mtutu, usiihesabu. Kisha piga tatu, ukisubiri dakika kadhaa baada ya kila moja. Mtutu wa moto hutawanya matundu.
5. Acha bunduki ipoe kabisa, bolti ikiwa wazi, kisha piga tatu nyingine kwenye karatasi ile ile.
6. Pima kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya lingine la mbali. Andika.

Usipige zaidi ya 15 kwa siku moja na bunduki ya namna hii. Bega likishaanza kuogopa, kila risasi itaonekana mbovu.

Na hapa kuna kipimo ambacho wengi hukikwepa. Mwombe mwenzako akuwekee risasi, mara ya kweli, mara ile bandia, bila kukuonyesha. Ukivuta kifyatulio juu ya risasi bandia na mdomo wa mtutu ukachovya chini, basi unaogopa teke, na matundu yaliyotawanyika ni yako. Watu wamebadilisha aina nne za risasi, kisha darubini, kisha bunduki, huku ugonjwa ukiwa begani. Dawa yake ni gunia la mchanga kati ya kitako na bega, na mazoezi mengi na bunduki ndogo.

Ishara za kusimama mara moja: bolti ngumu kufunguka, ganda lililochanika, au gesi usoni. Usijaribu nyingine ya boksi hilo. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, fungua bolti, toa risasi zote, na hakikisha mtutu hauna kichwa kilichokwama kabla ya kufikiria kupiga tena. Ukivuta na isilie, shikilia bunduki ikielekea shabaha kwa nusu dakika nzima kabla ya kufungua.

Matundu yakiwa ya mviringo wa yai badala ya duara, kichwa kinayumba hewani. Kwa bunduki yako risasi hiyo imekataa, weka pembeni.

Umefaulu ukipata aina moja ambayo matundu yote sita yanakaa ndani ya sentimita 5. Sentimita 5 kwa mita 100 ni angalau 15 kwa mita 300, na eneo la moyo na mapafu la kongoni si kubwa kiasi cha kukuachia nafasi ya mengine. Ukipata 8, risasi hiyo ni ya mita 150 na hakuna aibu hapo.

## Hatua ya 7: Sogea hadi umbali wako halisi

Ukiwa na mshindi, sawazisha darubini igonge katikati kwa mita 200. Kwa .375 hii ina maana matundu yawe juu kwa sentimita 7 hadi 9 ukirudi mita 100. Kwenye darubini nyingi za robo dakika (dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha saa), kliki moja husogeza karibu milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 200 ni karibu 15.

Halafu piga kwa 250 na 300 kama uwanja unaruhusu, na uandike ulipogonga kweli. Jedwali la boksi limetengenezwa kwa mtutu wa majaribio wa kiwandani, mara nyingi mrefu kuliko wako. Mtutu mfupi hutoa kasi ndogo, na hapo ndipo kronografu inapolipa kodi yake.

Kisha jambo moja la kufanya siku tofauti tofauti: fika uwanjani, kaa, piga risasi moja tu kwa mtutu baridi kwa mita 200, andika, rudi nyumbani. Mwindaji hapati tatu za kupasha mtutu. Ile ya kwanza ndiyo uliyolipia leseni.

## Hatua ya 8: Hesabu mwinuko na joto

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Eldoret karibu 2,100, Kisumu karibu 1,130. Katika siku ya kawaida Nakuru, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko hewa ya usawa wa bahari ambayo majedwali mengi ya viwanda hudhania. Kichwa kinapungua kasi polepole zaidi.

Maana yake: ile ya duara ya greni 300 iliyoonekana kuanguka sentimita 34 kwa mita 300 ukiwa Nakuru itaanguka karibu 39 kwenye nyanda za chini, na upepo utaisukuma zaidi pia. Kwa mita 200 tofauti haizidi sentimita chache. Kuna watu hujadili mwinuko usiku kucha huku wakipiga kundi la matundu lililotawanyika sentimita 10 kwa mita 100. Waanze na kundi.

Joto linafanya kinyume. Baruti yenye joto huungua kwa nguvu zaidi, na kutoka asubuhi baridi ya Nakuru hadi adhuhuri ya bondeni kasi inaweza kupanda kwa mita 10 hadi 15 kwa sekunde kwa baruti inayoathirika na joto. Sehemu ya mwinuko inafidiwa, lakini presha kwenye chemba nayo inapanda. Usiache boksi kwenye dashibodi ya gari, wala risasi ndani ya chemba yenye moto ukisubiri mnyama ageuke.

## Hatua ya 9: Jaribu magazini, kisha funga mzigo

Jaza magazini ukiwa uwanjani. Piga za juu, kisha toa ile ya chini kabisa ulinganishe urefu wake na mpya kutoka kwenye boksi. Teke la bunduki kubwa hugongesha ncha kwenye ukuta wa magazini, na risasi isiyobanwa vizuri kichwa chake husukumwa ndani ya ganda. Hiyo hupandisha presha. Ikiwa imefupika, aina hiyo haikufai hata kama ililenga vizuri ajabu.

Zungusha bolti kwa kasi pia, si kwa adabu ya mezani. Ncha laini nyingine hukwaruza mlango wa chemba na kukwama.

Kwa ndege, kanuni za kimataifa huruhusu hadi kilo 5 za risasi kwa abiria, pamoja na kifungashio, kwenye mzigo wa chini na kwa idhini ya shirika la ndege. Boksi la 20 za .375 huwa na karibu kilo moja. Kwa barabara, vibali vya kutoa na kuingiza silaha pande zote mbili za mpaka viwe mkononi kabla ya kufunga gari, vikitaja idadi ile ile iliyo kwenye sanduku. Ukihesabu 60, viseme 60.

Ukifika kambini, kabla ya kwenda popote, mwombe mwindaji mtaalamu anayekuongoza mahali salama pa kupigia na umpigie mbili kwenye karatasi kwa mita 100. Zikitua sentimita 7 hadi 9 juu, safari haikuigusa darubini. Zikitua kwingine, rekebisha hapo hapo, na uwe umebeba risasi za kutosha kwa marekebisho hayo.